Nukta Haisemi Mpaka Ipewe Jina

Msikilizaji, chukua kalamu uchore duara kwenye karatasi iliyo karibu nawe, kisha umuulize aliyeketi pembeni yako ni duara la nini. Dereva wa daladala ataona kipilefti. Mtoto anayetoka shule ataona uwanja wa mpira. Mama anayeamka alfajiri kuteka maji ataona kisima, na mzee wa Kagera ataona msonge. Hakuna aliyekosea kati yao, kwa sababu duara lenyewe halijasema kitu. Ndivyo ilivyo pia ndani ya ile ramani kubwa ya kidijitali inayochorwa kwa ushirika na watu wa dunia nzima, OpenStreetMap. Humo mstari uliojifunga, yaani ule ambao nukta yake ya mwisho ndiyo nukta yake ya kwanza, unaweza kuwa kipilefti, uwanja, kisima au nyumba, na kompyuta haina namna ya kujua ni kipi mpaka mtu aandike neno. Hoja yangu leo ni kwamba katika ramani ya namna hii uzito wote uko kwenye lile neno. Mstari ni kazi ya jicho na mkono, na siku hizi hata mashine inauchora. Neno linamhitaji mtu anayepajua mahali. Nasi wa Afrika Mashariki, ambao miji na vijiji vyetu vimechorwa kwa kasi kubwa tangu mwaka 2010 hivi, tumepata mistari mingi na maneno machache.

Tuanze na vipande vyenyewe, maana havizidi vinne na hakuna anayeshindwa kuvishika. Ramani hii ilianzishwa London mwaka 2004 na Steve Coast. Uingereza ina shirika kongwe la upimaji, Ordnance Survey, na ramani zake zilikuwa nzuri sana, ila data zake wakati ule zilikuwa ghali na zimefungwa kwa hakimiliki. Wazo likawa kwamba watu wa kawaida watembee na vipokezi vya GPS, kwa miguu na kwa baiskeli, wakusanye wenyewe mahali wanapoishi. Sasa, huwezi kumfundisha kila mtu elimu nzima ya upimaji kabla hajachangia, kwa hiyo mfumo ulilazimika kuwa mwepesi. Mwanzoni haukuwa mwepesi kama ulivyo leo. Kila kijisehemu kati ya nukta mbili kilikuwa kitu kinachojitegemea, na barabara ikawa fungu la vijisehemu. Mwaka 2007 vijisehemu hivyo vikaondolewa, tukabaki na mfumo huu wa sasa: nukta, mstari, uhusiano, na lebo zinazobandikwa juu ya vyote vitatu.

Nukta ni namba mbili tu. Ya kwanza inasema uko umbali gani kaskazini au kusini mwa Ikweta, ya pili inasema uko umbali gani mashariki au magharibi mwa Greenwich. Katikati ya Dar es Salaam ni kama digrii 6.8 kusini na 39.3 mashariki, na kwa kuwa ni kusini, ile 6.8 inatanguliwa na alama ya kutoa. Tarakimu saba za desimali ndizo zinazohifadhiwa, na kwenye Ikweta usahihi huo ni kama sentimita moja. Wingi wa tarakimu usikudanganye, maana simu iliyo mfukoni mwako huenda ikakosea kwa mita kadhaa, na sentimita hiyo ikawa ya karatasini tu. Kimo hakimo kabisa. Nukta ya kilele cha Kibo na nukta ya ufukwe wa Coco zina umbile moja, na urefu wa mlima ukiutaka unauandika kama lebo. Hapo tayari tabia ya mfumo inaonekana: nukta inabebeshwa mzigo mdogo kadiri iwezekanavyo, na kila kinachozidi kinapelekwa kwenye neno. Mstari nao hauna mahali pake wenyewe. Ni orodha ya nukta kwa mpangilio, kuanzia mbili hadi 2,000. Ukisogeza nukta, mstari unaifuata. Barabara mbili zinapokutana lazima zishiriki nukta moja, na zisiposhiriki, hata kama kwenye kioo zinaonekana zimegusana, programu ya kuelekeza safari itazihesabu kama barabara zinazopita moja juu ya nyingine, na haitakuruhusu kukata kona. Mpangilio wa nukta nao una maana, kwani mto au mtaro unachorwa kufuata upande maji yanakotelemkia. Aliyeuchora kinyume ameupandisha mto mlimani.

Kipande cha tatu, uhusiano, ndicho kinachowatisha wanaoanza, na kwa maoni yangu ndicho kilichobuniwa kwa akili kuliko vyote. Chukua Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 na ukingo uliojaa ghuba na rasi. Nukta 2,000 haziwezi kuuzunguka ukingo huo kwa namna inayoeleweka, kwa hiyo unakatwa katika mistari mingi. Halafu ndani ya ziwa kuna Ukerewe, kisiwa chake kikubwa kuliko vyote, chenye vijiji, shule na mashamba ya mihogo. Ukisema tu kwamba huu ndio ukingo na kilicho ndani ni maji, umewazamisha watu wa Ukerewe, wa Ukara na wa Ssese. Uhusiano unalitatua hilo kwa kuwa orodha ya wanachama ambao kila mmoja ametajiwa wajibu wake: mistari hii ni ukingo wa nje, ile ni ukingo wa ndani, na kilichozungukwa na ule wa ndani si ziwa. Anayezijua koo zetu ataelewa upesi, maana mtu mmoja ni baba kwa huyu, mjomba kwa yule, na mtani kwa mwingine, bila yeye kugawanyika. Kipande kimoja cha Barabara ya Morogoro pale Magomeni kimechorwa mara moja, nacho ni sehemu ya barabara kuu iendayo bara, tena ni sehemu ya njia ya basi hili na lile. Ila undugu huu una hatari yake. Mpaka wa kiutawala unaofuata mto ukishirikishwa mstari mmoja na mto wenyewe, basi siku mafuriko yatakapouhamisha mto na mchoraji akausogeza mstari, mpaka nao umehama kwenye ramani, na kisheria haujahama. Hapo mchoraji mzuri anatakiwa kuuliza kwanza mpaka uliandikwa kufuata nini.

Tumefika kwenye lebo. Lebo ina nusu mbili, swali na jibu. Hii ni barabara ya namna gani? Ya makazi. Uso wake? Udongo. Jina? Kila nusu inaweza kuchukua herufi hadi 255, na hakuna kamati inayokaa kutoa kibali cha swali lipi liulizwe au jibu lipi likubaliwe. Anayekutana na kitu kisicho na lebo anaruhusiwa kuitunga. Wengine wakiona inafaa wataifuata, itaelezwa kwenye kurasa za mwongozo, programu zitaanza kuionyesha kwa picha ndogo, na baada ya muda itakuwa desturi. Kijiwe cha bodaboda kilipata lebo yake kwa njia hiyo. Hakuna mtu wa London mwaka 2004 aliyekuwa na sababu ya kuifikiria. Waliihitaji watu wa miji ambayo pikipiki hubeba abiria, na mlango ulikuwa wazi.

Uzito wa neno umeonekana vizuri Dar es Salaam. Desemba 2011 mvua zilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, wengi wao katika mabonde ya mito kama Msimbazi. Mwaka huohuo kata ya Tandale ilikuwa imechorwa kwa ushirika wa wakazi na wanafunzi, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaipeleka kazi hiyo kwenye kata nyingi zaidi, ukiwahusisha wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, na wananchi wa mitaa yenyewe. Fikiria kilichokuwa kinatafutwa. Kutoka juu, kwa setilaiti au droni, mtaro wa Tandale ni ufito mweusi kati ya mabati, na sehemu nyingine hauonekani kabisa kwa sababu paa limeufunika. Mhandisi wa maji akipewa ufito huo hawezi kuufanyia kitu. Anataka upana na kina. Anataka kujua kama mtaro umejengwa kwa zege au ni shimo la udongo, kama umeziba taka au unapitisha, na kama kwenye kalavati kuna nafasi ya maji kupita. Hayo yote ni maneno na namba zinazobandikwa kama lebo, na kila moja ilihitaji mtu ashuke na futi kamba kwenye tope. Bila lebo hizo ule mstari ungekuwa mapambo.

Majina nayo ni hivyohivyo. Kwa Tumbo, Mtogole, Mkunduge, Pakacha, Sokoni, Muhalitani: hiyo ndiyo mitaa ya Tandale, na hakuna kamera yoyote angani inayoweza kulisoma hata jina moja kati ya hayo. Mjumbe analijua, mama lishe analijua, kondakta analijua. Anayeita gari la zimamoto usiku hasemi niko digrii sita kusini. Anasema niko Pakacha, upite sokoni, uulize. Kwa hiyo ramani isiyo na neno Pakacha haimfikii, hata kama kila ukuta wa mtaa ule umechorwa kwa usahihi wa sentimita.

Linganisha hayo na namna sehemu kubwa ya nchi zetu ilivyoingia ramanini. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, watu wa kujitolea waliokuwa mbali walichora Port-au-Prince kwa siku chache kwa kufuatisha picha za angani, na dunia ikaona kwamba inawezekana. Mwaka 2014 mashirika ya misaada yakaanzisha Missing Maps, na tangu hapo watu wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakikusanyika jioni, kila mmoja na kompyuta yake, kuchora nyumba za vijiji ambavyo hawatavifikia. Ni kazi ya heri na siibezi hata kidogo. Mchanjaji wa surua anayejua kijiji kina mapaa mangapi amepata msaada wa kweli. Lakini mchoraji aliye mbali ana uaminifu wake, haandiki asichokijua, na kwa hiyo mamilioni ya mapaa yamebandikwa lebo ileile moja, ambayo kwa lugha yetu ingesomeka: jengo? Ndiyo. Nyumba ya mtu, banda la kuku, msikiti, ghala la pamba, shule, vyote ni jengo, ndiyo. Sasa kampuni kama Google na Microsoft zimetoa mapaa ya bara zima yaliyotambuliwa na mashine kutoka kwenye picha, na upungufu ni uleule kwa wingi mkubwa zaidi. Mashine inaona bati. Kilicho chini ya bati haikioni.

Hapa najua mtaalamu wa takwimu anayenisikiliza ameanza kutikisa kichwa. Atasema uhuru wa kutunga lebo ni vurugu tupu, kwamba huyu ataandika hivi na yule vile, na mwishoni hutapata hesabu yoyote ya kuaminika, kwa hiyo afadhali orodha iliyofungwa, itolewe na wenye elimu, na wote waifuate. Ana haki ya kuogopa, na vurugu ipo kweli. Ila orodha iliyofungwa ina kosa lake, na ni kosa lisiloonekana kwa macho, kwa sababu kitu kisichokuwemo katika orodha hakiandikwi na hakuna anayejua kwamba hakikuandikwa. Tazama zahanati. Katika mfumo wetu wa afya Tanzania zahanati ni ngazi ya kwanza kabisa, chini ya kituo cha afya, ina mhudumu na mara nyingi mama anajifungulia humo. Jina lake la Kiingereza kwenye nyaraka za serikali, "dispensary", kwa watu wa nchi nyingine lina maana ya mahali pa kutolea dawa. Mchoraji wa mbali anayelisoma jina hilo anaweza kwa nia njema kuigeuza zahanati kuwa duka la dawa, na mwanamke mwenye uchungu akafutiwa mahali pa kwenda. Kinyume chake, duka la dawa muhimu la kijijini si famasia, kuna dawa ambazo haliruhusiwi kuuza, na tofauti hiyo ni ya uhai. Wa kuliona pengo hili ni mtu wa hapa, na mfumo ulio wazi unamruhusu kuongeza swali la pili na la tatu juu ya jengo hilohilo: ni ngazi gani, wanalaza wagonjwa au hawalazi, dawa gani zinatolewa. Fomu iliyofungwa ingembakiza na kisanduku kimoja cha kuweka tiki.

Barabara zinaonyesha jambo hilohilo, na pia zinaonyesha kwamba vurugu hutulia. Swali linaloulizwa juu ya kila njia katika ramani hii limeandikwa kwa neno la Kiingereza "highway", na kwa mazoea ya sheria za Uingereza neno hilo hufika hadi kwenye njia ya miguu. Ndiyo maana kichochoro cha Manzese, ambacho watu wawili wakikutana mmoja ageuke ubavu, kimeandikwa chini ya neno lilelile linalotumika kwa barabara kuu. Madaraja ya barabara nayo yalitungwa kwa macho ya Uingereza, na yalipofika huku yakaleta mgogoro. Wengine walishusha hadhi ya kila barabara isiyo na lami, wakaiita njia ya shambani, kumbe ndiyo barabara pekee inayounganisha wilaya mbili na basi linapita kila siku. Wachoraji wa Afrika wakajadiliana, wakaandika mwongozo wao unaosema daraja lifuate umuhimu wa barabara katika kuunganisha watu, na hali ya uso, iwe lami, changarawe au udongo, iandikwe kwenye lebo yake peke yake. Hakuna wizara iliyowaamuru. Makubaliano yalipatikana kwa mazungumzo ya watu waliozipita barabara hizo, na leo ukitazama ramani ya bara unaona mtandao unaoeleweka. Namkubalia mtaalamu wangu kwamba kazi hiyo ni ya polepole, na kwamba anayetaka hesabu safi kesho asubuhi ataudhika.

Pingamizi la pili ni la kawaida zaidi. Ikiwa yeyote anaweza kuandika, si yeyote anaweza kuharibu? Anaweza. Lakini kila nukta, kila mstari na kila uhusiano una namba yake ya kudumu na namba ya toleo, na tangu 2009 mabadiliko hufungwa katika mafungu yenye jina la akaunti na saa, kwa hiyo anayefuta barabara leo atarudishiwa kesho na mtu anayeiona historia yote. Udhaifu wenyewe uko kwingine. Historia inasaidia pale penye macho. Berlin mtu akikosea jina la mtaa, jirani ataliona kabla ya chakula cha mchana. Kosa likiwekwa leo juu ya kijiji cha Sumbawanga vijijini, linaweza kukaa miaka, kwa sababu aliyekichora yuko mbali na wanaokijua hawana habari kwamba kimechorwa. Dawa yake ni kuongeza macho ya wenyeji, na hapo tunarudi palepale tulipoanzia.

Wapo pia wanaosema haya yote ni ya nini, wakati ramani za kampuni kubwa zimo kwenye kila simu na zinatupeleka tunakotaka. Jibu liko kwenye vipande. Katika ramani ya kampuni unaona picha na unapata maelekezo, lakini nukta zenyewe si zako. Huwezi kuchukua mitaro yote ya kata, ukaipima urefu, ukaichanganya na idadi ya kaya, ukaichapisha kwa ajili ya kikao cha mtaa. OpenStreetMap ina leseni, inayotumika tangu 2012, inayokuruhusu kuchukua data zote, kuzitumia hata kibiashara, kwa masharti ya kutaja chanzo na kwamba ukizirekebisha na kuzitoa kwa watu, nazo zibaki wazi. Zaidi ya hapo, kampuni huchora kinachozilipa. Mgahawa wa Masaki una saa zake za kufungua, picha na maoni ya wateja. Bomba la maji la Tandale halinunui tangazo.

Pingamizi lililonisumbua kuliko yote ni la usalama, na silijibu kwa wepesi. Wapo wanaouliza kama kuwachora watu wa makazi yasiyopimwa si kumkabidhi mwenye tingatinga orodha ya nyumba za kubomoa. Kibera ya Nairobi ilikuwa karibu doa jeupe kwenye ramani kabla vijana wake hawajaanza kuichora mwaka 2009 chini ya Map Kibera, na swali hili waliulizwa. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba kutokuwepo ramanini hakujamlinda mtu. Katika bonde la Msimbazi, mwishoni mwa 2015, nyumba ziliwekewa alama ya X kwa rangi ukutani na nyingi zikabomolewa, na aliyezipiga X hakuhitaji nukta ya mtu yeyote, alishuka bondeni na kopo la rangi. Mkazi ambaye nyumba yake, bomba lake na mwaka alioanza kuishi pale vimeandikwa mahali ana angalau kitu cha kuweka mezani. Lakini pia si kila kinachojulikana kinafaa kuandikwa. Wilayani Serengeti ramani imewasaidia wanaowaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji kufika vijijini usiku, na hapohapo ni wazi kwamba njia iliyo ramanini inaonekana na wote, mwokozi na anayemwinda msichana. Zipo nyumba ambazo lebo yake sahihi ni ile isiyoandikwa. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mtu anayetazama picha ya angani. Ni wa yule anayejua nani anamtafuta nani.

Limebaki suala la lugha, ambalo kwangu ndilo kiini. Nusu ya kwanza ya karibu kila lebo ni Kiingereza, tena cha Uingereza hadi tahajia. Je, tunaweza kusema maneno ni yetu wakati maswali yameandikwa kwa lugha ya wengine? Kwa mashine, swali ni alama tu, lingeweza kuwa namba, na programu inaweza kumwonyesha mtumiaji neno mtaro, zahanati au kichochoro bila yeye kuiona alama iliyo nyuma. Kwa hiyo sioni tatizo kwenye herufi. Naliona kwenye maana, kwa sababu mjadala unaoamua swali fulani linamaanisha nini hufanyika kwa Kiingereza, na anayenyamaza humo anapangiwa. Mabibi na mabwana wanaosomea upimaji na mipango miji katika vyuo vyetu wana nafasi ya kuingia mjadala huo na kusema genge ni nini na lina tofauti gani na duka, kioski cha maji kinauza kwa nani na saa ngapi, uwanja wa mtaa unatumika kwa mazishi na harusi pia. Majina, kwa upande wake, hayana kizuizi chochote. Kuna lebo ya jina linalotumika, lebo ya jina kwa Kiswahili, lebo ya jina la pili ambalo watu wanalitumia ingawa halimo kwenye kibao, na lebo ya jina la zamani.

Hiyo ya mwisho ina kazi ya haraka hivi sasa. Bonde la Msimbazi linafumuliwa upya, chini ya mradi mkubwa ulioidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2022, pamoja na daraja jipya la Jangwani. Mto utapanuliwa, nukta za kingo zake zitahamishwa zote, mistari ya vichochoro na nyumba itafutwa kwa sababu kilichopo ardhini ndicho kinachoandikwa, na baada ya ujenzi picha mpya za angani zitaonyesha kila kitu kwa usafi. Waliokuwa wakiishi Jangwani, Magomeni Suna na Hananasif wametawanyika, mmoja yuko Chanika, mwingine Kibaha, mwingine Mbagala. Wao ndio wanaojua kona ile iliitwaje, kivuko cha miguu kilikuwa cha nani, na mwembe wa kukutania ulisimama wapi. Kwa kila mahali patakapobaki, sehemu ya kuandika majina hayo ipo ndani ya ramani, ina nafasi ya herufi 255 kwa kila moja, na kwa sehemu kubwa ya bonde bado iko tupu.